Katekista Aliyehesabu Mvua

Kwa miaka arobaini na miwili Mwalimu Leodegar hakukosa saa tatu ya asubuhi. Awe mzima au ana homa, iwe siku ya kazi au Krismasi, saa hiyo ilimkuta ameinama mbele ya kopo la shaba lililofungwa kwenye gogo fupi. Alimimina maji yaliyokusanyika ndani yake kwenye kichupa chenye mistari, akakiinua usawa wa macho, akasoma, kisha akaandika kwenye daftari. Kama hapakuwa na maji aliandika sifuri, na sifuri hiyo aliichora vizuri kama namba nyingine yoyote. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba siku kavu nayo ni habari.

Aliyemfundisha alikuwa padre Mzungu ambaye jina lake halisi watu wa Kirua Vunjo, kwenye mteremko wa Kibo, walishindwa kulitamka, wakamwita Padre Mandevu. Mwaka 1955 Leodegar alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, katekista mpya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wenzake wote. Padre alimpeleka nyuma ya nyumba ya mapadre, akamwonyesha lile kopo.

“Hili linapima kazi ya Mungu,” alimwambia. “Usiongeze, usipunguze. Ukisinzia siku moja, acha nafasi wazi. Usibuni.”

Maneno hayo yalimwingia Leodegar kama amri ya kumi na moja. Asubuhi alipima mvua, mchana alifundisha watoto katekisimu, na hakuona mpaka wowote kati ya kazi hizo mbili. Zote zilikuwa kusema kweli.

Kila mwisho wa mwezi walijaza fomu zikapelekwa Nairobi, kwenye idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Padre Mandevu alirudi kwao kufa, na Leodegar, ambaye wakati huo alikuwa na mke na watoto, akalihamishia kopo uani kwake, mahali peupe mbali na migomba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, fomu zikakoma kuja. Yeye hakukoma. Alinunua madaftari ya shule kwa hela yake, akapiga mistari kwa rula, akaendelea. Mkewe, Salvina, aliyazoea madaftari hayo kama alivyomzoea mumewe, hakuyaulizia wala hakuyapenda.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza kulikuwa na mistari michache ambayo haikuhusu milimita. Siku moja zamani, Padre Mandevu alikuwa akisoma kitabu cha kumbukumbu cha mapadre wa mwanzo kabisa waliofika mlimani, akaanza kucheka peke yake.

“Huyu si babu yako?” akamuuliza Leodegar, akamtajia jina.

Alikuwa ndiye, babu mzaa baba. Babu huyo alikuwa mganga wa mvua wa chifu, yaani mangi, mtu wa kuchinja mbuzi na kumwomba Ruwa, ambaye kwa Kichagga ni Mungu na ni jua pia, neno moja. Alikataa kubatizwa hadi kifo, akazikwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Padre alimtafsiria alichoandika yule mmisionari wa zamani: “Mzee huyu ni mjanja. Haanzi kazi yake mpaka mawingu yameishika Kibo. Mvua ikinyesha, anadai mbuzi. Isiponyesha, anasema kuna mwenye kosa kijijini. Watu hawa hawawezi kuelimika mpaka wamwone mzee huyu alivyo.”

Leodegar naye alicheka, kwa sababu padre alikuwa anacheka. Lakini jioni aliyaandika maneno hayo kama alivyoyasikia. Hakujua kwa nini. Labda ni kwa sababu hakuwa na kitu kingine chochote cha babu yake.

Miaka ikapita. Kahawa, iliyosomesha watoto wa mlima mzima, ikaanza kushuka. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakalipa vizuri msimu mmoja, msimu uliofuata wakalipa walivyotaka. Vijana wakashuka Moshi mjini kuuza mitumba. Huko mjini kila mwezi lilifungwa hema jipya la wahubiri wenye vipaza sauti. Walikuwa wanaombea viwete na vipofu, na watu wa Kirua, ambao tangu babu zao walikuwa Wakatoliki, wakaanza kuteremka Jumapili kwenda kuona miujiza.

Katika hali hiyo, mwaka 1995, alifika Padre Rogath. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mchapakazi, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na kila Jumapili alihesabu kwa macho viti vilivyo wazi. Haikuwa haki kusema alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. Machi mwaka 1996 aliongoza maandamano ya kuomba mvua ya masika, akapita vijiji vyote na msalaba mbele, na siku ya tatu mvua ikamwagika. Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Padre alihubiri saa nzima, machozi yakimtoka.

Baada ya misa alimwita Leodegar sakristia.

“Mwalimu, nimesikia una hesabu za mvua tangu enzi za Padre Mandevu.”

“Ninazo, Baba. Siku kwa siku.”

“Na maandamano ya kuomba mvua yalikuwepo miaka yote hiyo?”

“Mingi yake. Na tarehe zake nimeziandika.”

Uso wa padre uling'aa. “Basi nifanyie kazi moja. Tunakaribia jubilei ya parokia. Nataka uandike ushuhuda, maandamano kwa maandamano, jinsi Mungu alivyojibu. Hawa wa mahema mjini wana maneno tu. Sisi tutakuwa na namba.”

Leodegar alirudi nyumbani akiwa kijana upya. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba hesabu zake. Alifuta meza ya kulia chakula, akayapanga madaftari kwa miaka, akaanza. Kazi ilimchukua miezi, kwa sababu kila tarehe aliirudia mara mbili. Salvina alilazimika kumpakulia chakula jikoni.

Alifanya hivi. Kwa kila mwaka wenye maandamano, alihesabu siku kumi baada yake, akaangalia kama masika yalianza. Kisha akaichukua ile miaka ambayo hapakuwa na maandamano, padre akiwa likizo, au Juma Kuu limeangukia hapohapo, au parokia haina padre kabisa. Maandamano kwa kawaida yalifanyika kama tarehe ishirini ya Machi, basi kwa miaka hiyo pia alianza kuhesabu tarehe ishirini. Alifanya hivyo kwa sababu alitaka ushuhuda uwe na nguvu. Alitaka aseme, tazameni tulipoomba, na tazameni tusipoomba.

Miaka yenye maandamano ilikuwa ishirini na mitano. Katika kumi na minane kati yake, mvua ilianza ndani ya siku kumi. Miaka isiyo na maandamano ilikuwa kumi na saba. Katika kumi na miwili kati yake, mvua ilianza ndani ya siku zilezile.

Alizigawa namba hizo kwa penseli, kisha akazigawa tena kwa njia nyingine. Zilikuwa karibu sawa. Katika kila miaka kumi, mvua ilikuja kwa wakati miaka saba, watu watembee au wasitembee.

Alikaa pale mezani asubuhi yote. Halafu, bila kutaka kufanya hivyo, alifungua daftari la kwanza akasoma maneno yaliyoandikwa juu ya babu yake. Haanzi kazi yake mpaka mawingu yameishika Kibo. Na sisi, aliwaza, tunaanza yetu tarehe ishirini ya Machi.

Hakuacha kuamini. Jambo hili watu hawakulielewa baadaye, hata mkewe. Usiku ule alisali rozari kama kawaida. Kilichobadilika kwake kilikuwa kitu kimoja tu: hakuweza tena kumcheka babu yake, na alijisikia aibu kwa kicheko cha miaka ile.

Februari mwaka 1997 alimpelekea Padre Rogath karatasi nne zilizoandikwa safi. Padre alisoma ya kwanza akitabasamu. Kufika ya tatu alikuwa ameacha.

“Hii ni nini, Mwalimu?”

“Ni hesabu uliyoniagiza, Baba.”

“Nilikuagiza ushuhuda.”

“Nimeandika nilichokikuta.”

Padre alisimama akafunga mlango. “Mwaka jana ilinyesha siku ya tatu. Uliona mwenyewe. Kwa nini hukuandika hiyo?”

“Ipo, ukurasa wa pili. Na mwaka 1984 ilikawia siku thelathini na moja baada ya maandamano, nayo ipo.”

“Andika ile kumi na minane. Hiyo mingine iache.”

“Padre Mandevu aliniambia nisiongeze wala nisipunguze.”

“Padre Mandevu amekufa,” alisema Padre Rogath, si kwa ukali, kwa uchovu. “Yeye alikuwa na kanisa lililojaa. Mimi kila wiki napoteza familia. Wewe Mwalimu, katekista wa miaka arobaini, unamweka Mungu kwenye kopo unampima?”

“Sikumpima Mungu, Baba. Nilimpima mtu. Nilitupima sisi.”

Padre alizikunja zile karatasi akazitia kwenye droo, akamwomba Leodegar asimwambie mtu, na Leodegar akakubali. Angeweza kuitunza ahadi hiyo kama asingeulizwa. Lakini wiki mbili baadaye, kwenye mkutano wa jumuiya ya waamini, watu wakipanga maandamano ya mwaka huo, mwenyekiti alimgeukia mbele ya wote. Mwenyekiti huyo alikuwa Mathew, kaka yake Salvina, mtu mwenye mashamba ya mahindi huko chini tambarare, ambako vuli haikunyesha kabisa na udongo ulikuwa unapeperuka.

“Shemeji, wewe ndiye mwenye hesabu,” Mathew alisema. “Watie watu moyo. Tukitembea, itanyesha?”

Katika maisha yake Leodegar hakuwa amefundisha mtoto hata mmoja kwamba kuna uongo unaoruhusiwa.

“Itanyesha tukitembea,” alisema, “na itanyesha tusipotembea. Ikiwa ya kukawia itakawia. Tutembee kwa sababu tunampenda Mungu, si kwa sababu ya kumvuta mkono. Babu yangu alikuwa anasubiri wingu ndipo achinje mbuzi, na misheni ikamwita mjanja. Na sisi tunasubiri Machi.”

Mama mmoja alijifunga upya kanga yake. Mathew alikohoa, akasoma ajenda iliyofuata.

Wakatembea tarehe ishirini na moja ya Machi. Leodegar alikuwepo, akiimba, amebeba bendera ya jumuiya yake. Siku kumi zikapita, zikapita ishirini. Kibo ilisimama mchana kutwa bila wingu, jambo ambalo watalii wa Marangu walilifurahia na wenyeji walilichukia. Mahindi ya tambarare yalichipua kwa umande, yakanyauka. Migomba ilianza kujikunja majani, na mifereji ikawa ya kugombaniwa kwa mapanga. Leodegar aliandika sifuri, na sifuri, na sifuri.

Ndipo maneno yakaanza. Kwanza ilisemwa kwamba sala haikupokelewa kwa sababu kati ya waliotembea kulikuwa na asiyeamini. Halafu mtu fulani akakumbuka kwamba babu yake Leodegar alikuwa mganga wa mvua, na anayejua kuifungua anajua kuifunga. Mwishowe watu wakaanza kulitazama lile kopo. Kwa nini lilikaa mahali peupe limeachama mdomo juu? Kwa nini alikwenda kuliinamia kila siku saa ileile? Watoto aliowafundisha Baba Yetu walianza kupita mbali na ua wake.

Aprili kumi na nne, kama saa nne asubuhi, alisikia wimbo wa Mama Maria ukija njiani. Walikuwa wanaume sita na wanawake wachache. Mathew alikuwa mbele na sururu. Waliingia uani wakiimba, wakang'oa gogo, wakaliponda lile kopo mpaka likawa bapa, na kichupa cha mistari kikavunjika juu ya jiwe. Hawakumgusa Leodegar. Mmoja wao hata alimwamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” kwa mazoea, kabla ya kuinua rungu.

Leodegar alisimama mlangoni. Hakushangazwa na Mathew. Alichoshindwa kukibeba ni kwamba Salvina alikuwa amewafungulia geti.

“Uliwafungulia,” alimwambia walipoondoka.

“Ningefanyaje? Mimi ndiye ninayekwenda mferejini,” alijibu Salvina. “Wewe hukai na wanawake ukasikia wanavyosema. Wananipa kisogo. Ndoo yangu inasukumwa pembeni kama ya mchawi.”

“Na wewe unaamini nimefunga mvua?”

Salvina alizitazama zile shaba zilizopondeka. “Naamini ungeweza kunyamaza,” alisema.

Mvua ilikuja tarehe ishirini na tisa ya Aprili. Ilikuwa siku kumi na tano tangu kopo kuvunjwa, na hakuna aliyekuwa na la kuuliza tena. Padre Rogath hakutaja jambo hilo kwenye mahubiri, wala hakulikanusha. Alimwandikia Leodegar barua fupi yenye heshima ya kumpumzisha ukatekista “kwa ajili ya amani ya waamini”.

Wakati huo binti yao wa mwisho, Violet, alikuwa ameshachumbiwa na mwalimu wa Marangu, na ndoa ilipangwa Julai. Juni ulipofika, matangazo ya ndoa yalikuwa hayajasomwa kanisani hata mara moja. Leodegar alikwenda parokiani. Alisubiri kwenye benchi saa mbili, mahali ambapo kwa miaka arobaini alikuwa akipita bila kubisha.

“Tumsifu Yesu Kristo, Baba.”

“Milele na milele, amina. Kaa, Mwalimu.” Padre alionekana amekonda. “Nimepigiwa kelele na halmashauri ya parokia. Wanasema siwezi kufungisha ndoa ya nyumba iliyoigawa parokia. Nimewaomba tuimalize kwa upole. Ulete yale madaftari, yatunzwe hapa. Na Jumapili useme neno moja mbele ya watu.”

“Neno gani?”

“Kwamba ulikosea hesabu.”

Leodegar alidhani hakusikia vizuri. “Niombe msamaha kwa kuwaudhi, hilo nitalisema. Niseme sikupaswa kuongea, nitasema pia. Lakini hesabu sikukosea. Unajua mwenyewe sikukosea. Ulizirudia?”

“Nilizirudia,” alisema Padre Rogath, akitazama mezani.

“Ukapata nini?”

Padre alivuta kalenda ya mezani. “Ndoa ni tarehe kumi na tisa, Mwalimu,” alisema.

Nyumbani, Salvina hakupiga kelele. Alisema tu, “Unataka mwanao aende kwa watu kienyeji, bila misa, kwa ajili ya kopo ambalo hata halipo tena?” Violet mwenyewe alikuwa akipepeta mchele, macho yake mekundu, naye baba yake hakuhitaji zaidi ya hapo.

Madaftari yalikuwa thelathini na manane. Aliyafunga kwa kamba ya katani, akayabeba kichwani kama mzigo wa majani ya ng'ombe. Jumapili, baada ya komunyo, alisimama mbele. Watu wengi pale alikuwa amewafundisha yeye sakramenti zao. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini alipoziona nyuso zimeinuka zikimsubiri, yalimtoka mawili tu.

“Nilikosea hesabu,” alisema. Akarudi kukaa.

Mathew alikuja kumpa mkono wakati wa kutoka. Watu wengine walimfuata, wakitabasamu, wepesi kabisa, kana kwamba ni wao waliotuliwa mzigo. Violet aliolewa tarehe kumi na tisa kwa misa ya nyimbo nyingi. Katika picha za siku hiyo Leodegar amesimama kando ya Salvina, amevaa suti ya kuazima, na mtu asiyemjua angedhani ni mzazi mwenye furaha.

Baada ya harusi aliteremka Pasua, Moshi mjini, kwa fundi bati mmoja mzee aitwaye Sadallah, aliyekuwa akimtengenezea mabirika tangu zamani. Alimweleza kipimo anachotaka, upana wa mdomo na kina, akamchorea kwenye kipande cha boksi. Sadallah alikata bati akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, akisikiliza kisa chote.

“Sisi pia tuliswali swala ya mvua mwaka huu,” alisema Sadallah. “Uwanjani, wote. Imamu aligeuza joho lake nje ndani, kama alivyofanya Mtume.”

“Ikanyesha?”

“Tarehe ishirini na tisa Aprili.” Sadallah aligonga ukingo wa bati taratibu. “Na wale wa hema wanasema ni yao. Na huko kwenu juu mnasema ni kwa kuvunja kopo. Mungu mmoja, mvua moja, wenye madai watatu. Wewe ulikuwa unamwandikia nani, bwana Leodegar?”

“Sijui,” alisema Leodegar. “Nilidhani kuna siku atakuja mtu wa kuuliza.”

Kopo jipya lilikuwa zuri, lakini halikusimikwa kamwe. Alipofika nalo getini Salvina alilitazama, kisha akamtazama yeye, akasema kwa sauti ya chini kwamba likiingia kwenye ardhi ya uani yeye atarudi kwa kaka yake. Leodegar alikubali. Oktoba mwaka ule ilianza mvua ambayo redio iliiita El Nino, ikanyesha hadi mwaka uliofuata, ikabeba madaraja na vihamba vya watu. Ilikuwa mvua kubwa kuliko zote za maisha yake, na katika Kirua nzima hakuna mtu aliyejua ni milimita ngapi. Ikifika saa tatu alikuwa anaamka kwenye kiti, anatembea hadi mlangoni, anakumbuka, anarudi kukaa.

Mwaka 2001 Padre Rogath alikuwa ameshahamishwa, na mahali pake akaja Padre Julius, kijana aliyesoma fizikia kabla ya kuingia seminari. Siku moja alipanda hadi kwa Leodegar, akaamkia, akakataa kiti mpaka mzee akae kwanza. Alikuwa na barua mkononi. Wataalamu wa chuo kikuu walikuwa wanachunguza kwa nini theluji ya Kibo inapungua, wakaandikia parokia zote za mlimani. Zile fomu za Nairobi ziliishia 1977. Walitaka yeyote mwenye rekodi za mvua za baada ya hapo.

“Nimeambiwa ulikuwa nazo, Mwalimu. Siku kwa siku. Kama ni kweli, hakuna kitu kama hicho mlima wote.”

Leodegar aliisoma barua mara mbili. Alivaa koti, wakateremka pamoja hadi parokiani, akitembea mbele ya kijana kama hana miaka sitini na tisa. Stoo ya kanisa ilitunzwa na mama mmoja aitwaye Dominika. Walihamisha majoho ya zamani, viti vibovu, sanamu ya Mtakatifu Yosefu isiyo na mkono. Madaftari hayakuwepo.

“Yale ya kamba ya katani?” Dominika aliuliza alipoelezwa. “Yalikuwa yameingiwa na mchwa kidogo. Ule mwaka wa jubilei kubwa, elfu mbili, tulisafisha stoo. Matawi ya Jumapili ya Matawi yalikuwa machache, na watu ni wengi. Padre akasema karatasi za kanisa hazitupwi ovyo. Tukazichoma pamoja na matawi kwa ajili ya Jumatano ya Majivu.”

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza alivyofanya kazi yake vizuri. Padre Julius alifumba macho.

Leodegar alikumbuka Jumatano ile. Alikuwa amepanga mstari kama wengine, Padre Rogath akamchora msalaba kwenye paji la uso, akamwambia akumbuke kuwa yu mavumbi. Alikuwa amekaa na majivu yale usoni hadi jioni, bila kuyafuta, kwa heshima.

“Mwalimu,” Padre Julius alisema walipotoka nje, “labda unakumbuka baadhi. Miaka mikubwa, jumla za mwaka. Hata kwa kukadiria. Ninaweza kuandika.”

Alikumbuka mengi. 1961 ya mafuriko aliikumbuka mwezi kwa mwezi. 1984 pia. Angeweza kukaa pale kwenye ngazi za kanisa na kusoma kichwani mwake kwa saa nzima.

“Haitafaa,” alijibu. “Nilishatangaza humo ndani, mbele ya watu wote, kwamba nilikosea hesabu. Waandikie hao wataalamu hivyo. Kulikuwa na mtu, lakini alikosea hesabu.”

Padre alijaribu tena mara mbili mwaka ule, akamletea hata daftari jipya na kalamu. Leodegar alimkaribisha kila mara, akampa ndizi na chai, na hakuandika kitu. Misa hakuacha. Alikwenda kila Jumapili, akakaa nyuma, akapokea komunyo. Ila maandamano ya Machi yalipopita njiani kwake hakutoka nje kutazama.

Mwaka 2003 Mathew alipata kiharusi kilichomlegeza upande mmoja. Alipoanza kutembea kwa fimbo, alikuja kwa Leodegar mchana mmoja akiwa peke yake, ameshika jani la sale kwa mkono mzima. Kwa Wachagga, anayekuletea sale anakuomba msamaha, na jani hilo halikataliwi, hata kama aliyelileta alimwua ndugu yako. Desturi hiyo ilikuwepo mlimani kabla misheni haijafika, na hakuna padre aliyewahi kuiondoa.

“Shemeji,” alisema Mathew, maneno yakimtoka kwa shida upande mmoja wa mdomo. “Nimekuja kwa lile jambo. Sitaki kwenda nalo.”

Leodegar alilitazama jani, kijani kibichi, limefungwa fundo kama inavyotakiwa. “Unaamini bado kwamba nilifunga mvua?”

Mathew alifikiri. Alikuwa mzee sasa, na mgonjwa, na hakuwa na sababu ya kudanganya. “Ilinyesha baada ya kulivunja,” alisema. “Hilo nililiona kwa macho yangu.”

Leodegar alinyoosha mkono akalipokea. Alimsindikiza hadi getini, akamshika kiwiko kwenye tuta la njiani, akarudi akalichomeka jani ukutani juu ya mlango kama inavyopasa. Salvina alikuwa amesimama barazani, amesikia yote.

“Umemsamehe?” aliuliza.

“Nimepokea jani,” alisema Leodegar, akaingia ndani.